Darasa zima lilijua moyo wangu unavuja, mie mwenye moyo nikafichwa

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Mie ni bibi kizee, naishi Tegeta. Simu kashika mjukuu wangu Salma: mie nasema, yeye anabonyeza. Nimemwonya asinipambie hata neno moja. Nikitukana, aandike.

Haya yalinikuta mwenyewe, enzi za Mwingereza, kabla wengi wenu hata baba zenu hawajazaliwa. Anayetafuta uzi wa mapenzi apite zake. Hapa tunaongelea moyo wa nyama.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Baba alikuwa kuli bandarini, mtu wa Lindi, maneno machache. Shangazi zangu walishanitafutia mchumba, baba akawaambia wasubiri, binti yake anakwenda kuvaa yunifomu nyeupe. Nikapokelewa kusomea uuguzi kwenye hospitali moja mjini. Jina silitaji, sitaki kesi uzeeni.

Mwalimu wetu alikuwa Sista wa Kizungu, mrefu, viatu vyake unavisikia kabla hajaingia. Kufundisha alijua, hilo simnyimi.

Siku ya somo la moyo alileta moyo wa ng'ombe kutoka buchani, akaupasua mezani. Vyumba vinne. Vya kulia vinapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Vya kushoto vinapokea damu iliyopata hewa na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene. Halafu kuna milango, inafunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango unafunga, isirudi ilikotoka.

Mie nilielewa chapuchapu. Kwetu Temeke kulikuwa na mlango wa uani haujawahi kufunga sawasawa, kuku unawatoa wanarudi.

Ikaja zamu ya kumpima mtu hai. Kwanza unatazama: midomo, mishipa ya shingo, miguu kama imevimba. Halafu unapapasa, unatafuta chini ya titi la kushoto pale moyo unapogonga. Mwisho ndiyo unasikiliza. Stetoskopu ya darasa ilikuwa moja.

Akatakiwa mtu wa kulala kitandani. Wasichana tukaangalia chini wote, maana mlikuwa na wanaume mle, wanaosomea udresa, kazi ya kufunga vidonda. Sista akaninyooshea kidole mie, kwa kuwa nilikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika.

Hakuniuliza kama nimekubali. Nilivua blauzi machozi yananilengalenga, wakapita mmoja mmoja.

Sista akasikiliza wa mwisho. Akakaa palepale. Akasogeza stetoskopu kuelekea kwapani, akasikiliza tena, kisha akatabasamu na kunipigapiga bega.

Tangu siku hiyo kifua changu kikawa mali ya darasa. Somo la moyo, mie kitandani. Wakija madaktari wageni, naitwa hata kama niko kwenye chakula. Wakimaliza naambiwa nikavae, nikachemshe maji ya chai. Nikirudi ubao umefutwa na wenzangu hawaniangalii machoni.

Na mie bwege nikadhani nimependwa! Niliringa, jamani. Nikamwambia baba kwamba Sista bila mie hafundishi, naye masikini akaenda kujisifu kwa makuli wenzake.

Siku moja Sista akaitwa ofisini, akatuachia stetoskopu tujizoeze. Mie nilikuwaga wa kusikilizwa tu, sikuwahi kusikiliza. Nikaanza na shoga yangu Mwanahawa, tuliyelala naye chumba kimoja bwenini.

Lu-du, lu-du, lu-du. Nikacheka kwa furaha, kumbe ndivyo mtu anavyolia ndani!

Nikajiwekea mwenyewe.

Lu-shhh-du. Lu-shhh-du.

Nikadhani mpira wa stetoskopu umetoboka. Nikarudi kwa Mwanahawa: lu-du. Nikarudi kwangu: shhh.

"Shoga, mbona kwangu kuna kitu kinavuja?"

Mwanahawa akainama. "Tulikatazwa kukwambia," akasema. "Mlango wako wa kushoto haufungi vizuri. Sista anatuelezea ukienda kuchemsha chai."

"Mnajua wangapi?"

"Sote."

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwangu kata ilijua, maji yalijua, hadi kuta zilijua. Mtungi ndio uliofichwa. Nilipandwa na hasira.

Nikamfuata Sista kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakuona haya hata chembe! Akasema, "Ungejua, moyo ungeenda mbio kila tukikupima, na wenzako wasingejifunza kitu."

Hebu rudieni kusoma hapo, nyie mnaosema zamani kulikuwa na maadili.

Wiki haikuisha, nikaitwa ofisini. Nikaambiwa muuguzi mwenye moyo wa namna ile hafai kunyanyua wagonjwa, nirudi kwetu. Na wagonjwa niliokuwa nikiwanyanyua siku zote hizo walinyanyuliwa na nani? Nilipokuwa sijui nilifaa, nilipojua nikawa mgonjwa. Mungu anawaona.

Temeke habari ikatangulia kufika. Yule mchumba niliyetafutiwa na shangazi zangu akajitoa bila hata kuja kuaga, eti haoi moyo mbovu. Hilo halikuniuma, alikuwa na domo refu. Kilichoniuma ni baba. Aliacha kupita njia ya kijiweni kwa wenzake, akawa anazunguka nyuma ya nyumba za watu.

Halafu, wakuu, kaeni vizuri.

Mchana mmoja gari la hospitali likasimama mlangoni kwetu. Dereva, mzee mstaarabu, akapiga hodi, akasalimiana na baba. "Nimetumwa na Sista," akasema. "Anamhitaji binti yako kesho asubuhi."

Nilirukaruka mle ndani! Nikajua wamenionea huruma, narudishwa masomoni. Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Baba akauliza, "Anamhitaji kwa kazi gani?"

Yule mzee akakohoa, akatazama chini. "Wanafunzi wana mtihani wa moyo. Anatakiwa alale kitandani, wampime."

Loh! Wamenifukuza kwa ajili ya moyo wangu, halafu wamekuja kuuazima!

Baba akanigeukia. Hakunijibia, alisubiri. Nikatoka na kiatu mkononi nikasema, "Shikamoo mzee. Wewe huna kosa, umetumwa tu. Kamwambie Sista kifua hiki kina mwenyewe. Akikitaka, aniwekee na karatasi ya mtihani, na mie nijibu."

Gari likaondoka, halikurudi. Baba akaniambia nikafungashe, tunakwenda Lindi.

Kule kulikuwa na hospitali ya misheni inayofundisha ukunga. Daktari akanipima kabla ya kunipokea, nami nikakaza meno nikingoja kutumwa chai. Akavua stetoskopu, akaniambia mie, usoni: "Mlango mmoja unavuja kidogo. Utotoni uliugua koo, magoti yakavimba?" Nikasema ndiyo. "Basi ndiko ulikoanzia kuvuja. Ukianza kukosa pumzi au miguu ikivimba, njoo haraka. Sasa nenda kaulizie zamu yako ya kazi."

Imeisha. Maneno ya pumzi moja tu, na yule mwingine alishindwa kuyasema.

Nikawa mkunga mpaka nikastaafu. Nikaolewa, nikazaa, na moyo unavuja vilevile.

Sasa kwa nini nimekuja humu leo? Salma anasomea uuguzi. Juzi akaniomba, "Bibi, naweza kukupima? Ukikataa sinuni." Nikamruhusu. Akatazama midomo, shingo, akanibonyeza miguu. Akasikiliza. Akasogeza kuelekea kwapani, akasikiliza tena.

Nikamtazama usoni nikisema moyoni, huyu naye akinituma chai nampiga na fimbo yangu.

Akavua kile kitu masikioni. "Bibi, nasikia damu inarudi nyuma. Kuna mlango haufungi vizuri. Uliwahi kuambiwa?"

Nililia mpaka akaogopa, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia, omba radhi ya nini, mama? Endelea, niambie tena.

Ndipo naye akanipa yake: hata leo huko wodini anakofanyia mazoezi, mgonjwa anazungukwa, anasikilizwa na kundi zima, wanaongea Kiingereza juu ya kichwa chake, wanaondoka. Hasira ikanipanda upya. Ina maana miaka yote hii bado tunatumwa chai?

Wanafunzi wa uuguzi, vyumba na milango mtafundishwa, sina shaka. Mie nawafunza hili moja: ukisikia kitu kwenye kifua cha mtu, ukitoa stetoskopu mgeukie mwenye kifua, si ubao.

Na nyie mliowahi kulala wodini mkazungukwa na makoti meupe, nani aligeuka kuwaambia alichosikia? Semeni hapa chini, Salma atanisomea. Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba, ila kwanza jibuni swali.