Muhuri Wangu Juu ya Sauti Yake

Mimi sikuzaliwa jana. Hilo nalisema mapema, kabla hamjaanza kunionea huruma. Kibanda changu kiko Namuwongo, hapa Kampala, hatua chache kutoka reli, nimekipaka rangi ya kijani, na kazi yangu ni kuwatilia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Mteja ananipa simu, nachomeka waya kwenye kompyuta, anachagua anachotaka, anakwenda zake. Wengi hawana bando la kupakua, na wenye bando hawana subira. Kwa hiyo wimbo wowote mpya wa Kampala, hasa wa hawa wasichana wanaochipuka siku hizi kama uyoga, ulikuwa lazima upite mikononi mwangu kabla haujafika masikioni mwa watu wa bodaboda.

Na kila msichana mpya nilimshuku. Yule wa nywele za rangi ya chungwa nilisema sauti si yake, ni ya mashine. Mwingine alidai anajiandikia nyimbo mwenyewe. Thubutu! Kuna mtu amefichwa chumbani anaandika. Wawili wakitukanana mtandaoni Jumatatu, nawaambia wateja, "Tulieni, Ijumaa kuna wimbo." Na kweli, Ijumaa wimbo huo! Kuna mmoja alilia kwenye televisheni kwamba mchumba kamwacha, mpaka jirani yangu muuza chapati naye akatoa machozi. Nikamwambia, "Futa uso, dada, yule yuko kazini." Wiki haikuisha akatoa wimbo wa kuachwa. Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi nilijiona nimehesabu misumari yote.

Mnisamehe, ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini, na kule kambini tulifundishwa mambo mawili: Kiswahili, na kuuliza "Nani huyo?" kabla ya kufungua mlango. Halafu nikaolewa na polisi. Basi nyumbani kwetu hata mgeni wa chai alihojiwa.

Tulijaliwa mtoto mmoja, binti. Alikuwa na miaka ishirini, anaimba kwaya, mpole kupita kiasi. Asubuhi moja nafagia mbele ya kibanda, akaja akasimama pale penye vumbi.

"Mama, nimerekodi wimbo."

"Wapi? Na nani? Huyo mtu anataka nini kwako?"

"Yuko meneja mmoja, kule Mengo. Ana studio juu ya duka la vitambaa. Mama, mbona hata hujauliza wimbo unaitwaje?"

"Nitauliza nikishamwona huyo meneja wako," nikamwambia, na siku ya pili tulikwenda.

Nilimkuta mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, anainama kidogo akinisalimu na kuniita nnyabo, kama wanavyomheshimu mwanamke huku kwetu. Akanipa kiti na soda. Soda sikuigusa. Nikamuuliza mkewe yuko wapi. Nikamuuliza kwa nini mlango wa studio una komeo la ndani. Nikataka kuona mkataba, nikausoma mara mbili kwa kidole. Alijibu yote, hakukunja uso. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku, maana mtu anayejibu kila kitu bila hasira, huyo amezoea kuulizwa.

Yeye aliomba kitu kimoja tu. "Nnyabo, wimbo huu usitoke nje mpaka siku yake. Hii sauti unayoisikia ni ya kuelekeza tu, ya kutafutia njia. Ataimba upya."

Nikajisemea moyoni, haa, ufiche ili iweje? Sijamaliza kuwaza, akaingia mwimbaji mwingine wa huyo meneja, yule ambaye nyimbo zake nilikuwa nazo kumi na mbili kwenye kompyuta. Kavaa ndala, kucha ndefu, na kwa karibu ni mdogo kuliko kwenye picha. Akasikia wimbo wa binti yangu unapigwa. Akasimama, akafumba macho, akaanza kuufuata kwa pua, mmm, mmm. Kiitikio kilipofika akasema, "Rudisha pale." Meneja akarudisha. Wakatazamana, yeye na meneja, wakatabasamu. Na mwanangu, mjinga wangu, naye akatabasamu!

Nikajua, huyu ndiye atakayepewa wimbo wa mwanangu. Nilikuwa nimeshaliona jambo hilo. Msichana mmoja wa hapa hapa kwetu aliimba studio fulani, akaambiwa asubiri, asubiri, na siku moja anafua nguo akausikia wimbo wake redioni kwa sauti ya mtu mwingine. Alipolalamika waliulizana, nani shahidi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akiuimba. Basi tukiwa njiani kurudi nilimwambia binti yangu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Akasema, "Mama, jamani, acha," akageuza uso.

Sikuacha. Jumamosi alikwenda mazoezi ya kwaya, akaiacha simu yake kibandani ikichajiwa. Wimbo ulikuwa humo. Nikauhamisha.

Sasa niwaeleze desturi yetu, sisi wa vibanda. Jamaa wa ng'ambo ya reli anafanya kazi kama yangu, na ukipata wimbo kabla yake, atamtuma mtu aje kuununua kwako ili naye auuze. Kwa hiyo kila kibanda kina muhuri wa sauti. Unajirekodi ukitaja kibanda chako, unaibandika sauti yako juu ya wimbo, na kila wimbo unakokwenda watu wanajua umetoka kwa nani. Kwa kawaida ni mara moja, mwanzoni. Siku hiyo nilitengeneza muhuri maalumu. Nilifunga dirisha, nikavuta pumzi, nikapaza sauti ya kambini kabisa: "Huu ni wimbo wa binti yangu! Kibanda cha kijani, penye reli! Msiuibe!"

Nikaubandika mwanzoni. Nikaubandika mwishoni. Halafu nikafikiri, mwizi akikata mwanzo na mwisho je? Nikaubandika na katikati, pale kiitikio kinapopanda juu.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Namuwongo yote ikishajua kuwa wimbo ni wa mwanangu, nani atathubutu? Shahidi mmoja ananunulika, lakini mashahidi elfu! Kila aliyeleta simu nilimtilia wimbo huo, ameomba hajaomba. Watu wa bodaboda, wauza nyanya, fundi viatu, wote. Jumatatu ulikuwa unapigwa kinyozini. Jumanne nikausikia ukitoka kwenye pikipiki inayokwenda mjini, na sauti yangu inanguruma ndani yake. Weee! Nilitembea kifua mbele siku hiyo. Binti yangu alikuwa anashinda Mengo, anarudi amechoka, na mimi nilinyamaza, nikingoja aje anishukuru.

Jumatano mchana alikuja. Alikuja na meneja. Macho ya mwanangu yalikuwa yamevimba, na aliposimama mbele ya kibanda hakuniangalia, aliangalia spika.

Meneja hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Nnyabo, ungeniuliza." Akaeleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu. Mtangazaji mmoja wa redio alikuwa ameutengea wimbo nafasi ya Ijumaa, uwe kwake wa kwanza. Sasa ameukataa, maana ameusikia kwenye pikipiki. Na yule wa kucha ndefu hakuwa anaiba chochote. Alikuwa anajifunza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aimbe ubeti wa pili, bega kwa bega na binti yangu, jina lake kubwa lishike mkono jina dogo. Walikuwa wamelificha jambo hilo hata kwangu kwa sababu walitaka kunishangaza.

"Amejitoa," meneja akasema. "Anasema wimbo umeshachakaa, na kuna mama anayefoka ndani."

"Nilikuwa namlinda!" nikasema. "Ninyi watu mnajulikana!"

"Tunajulikana," akakubali. "Wengine wetu wangekuibia kweli, na ungekuwa umewazuia hao, leo ningekupa mkono wa pongezi." Akatuaga, akaondoka kwa miguu kando ya reli.

Nikabaki na mwanangu. Nilitegemea atalia, na kilio nakiweza. Hakulia.

"Mama, wimbo wangu umeusikiliza mara ngapi?"

"Ha! Mara ishirini. Zaidi. Siku ile natia muhuri nilishinda nao."

"Ni mzuri?"

Jamani, nawaambieni ukweli, sikujua. Mara zote ishirini nilikuwa nikitafuta pa kuweka sauti yangu. Nilijua sekunde ambayo kiitikio kinaanza, nilijua kinapokwisha, lakini mwanangu alikuwa anaimba nini mle ndani, na kwa nini, ungeniuliza ningekudanganya. Nikasema, "Mzuri, mzuri sana," haraka haraka, na yeye akatikisa kichwa kama nilivyokuwa natikisa mimi nikiwatazama wasichana wa televisheni.

Wiki hiyo alihamia Kasubi kwa rafiki yake wa kwaya. Baba yake alikuwa anampigia simu, wanacheka. Mimi alikuwa ananiandikia, "Niko salama, Mama." Nilimwomba radhi kwa maandishi, nikamwomba kwa mdomo, akasema amesamehe. Nadhani alisamehe. Lakini neno wimbo hakulitaja tena mbele yangu, na mimi niliogopa kulitaja. Ule wa kwanza niliufuta kwenye kompyuta, kazi ya bure, kwani ulikuwa umeshasambaa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mteja wangu wa bodaboda akaegesha pikipiki, akanipa simu.

"Mama, nitilie ile mpya ya mtoto wako."

"Ipi?"

"Si hiyo inapiga kwa redio tangu juzi! Nimeisikia Kasubi, watu wanaimba yote."

Nilijifanya natafuta. Nilitafuta kwa jina lake, nikatafuta kwa tarehe, nikateremka orodha nzima ya wasichana wapya wa mwezi huo, wote walikuwamo. Yeye hakuwamo. Nikasema kompyuta inasumbua. Kijana wa watu hakuwa na muda, akawasha pikipiki, akavuka reli kwenda kwa yule mwenzangu wa ng'ambo.

Kisha nikafunga dirisha, nikachukua flashi, nikavuka mimi pia. Kulikuwa na foleni, watu sita au saba, nikasimama nyuma. Spika yake ilikuwa inaupiga. Safari hii sikuwa na kazi yoyote ya kufanya nao ila kuusikiliza. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno, mpaka mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaacha kuongea. Mwanangu alikuwa anaimba juu ya nyumba ambamo mtu akigonga anaulizwa mpaka anachoka, anarudi alikotoka. Kiitikio kilipanda, kikapanda, na hakuna aliyekikatiza.

Zamu yangu ikafika. Yule bwana akanitazama, akaitazama flashi, akadhani namtania.

"Wewe? Si ndiye mama yake? Mbona hakukuletea wewe wa kwanza?"

Ningeweza kumjibu lolote, na huyu ndiye mtu niliyemshuku kuliko wote miaka yote hiyo.

"Aliogopa nitauiba," nikasema.