Mlio wa injini ya Bahati

Leo Maman amemwita kaka yangu Bahati aje kula. Bahati tulimzika mwaka jana.

Niko na garaji ndogo mbele ya nyumba yetu, hapa Kamembe. Asubuhi, Maman akiwa kanisani, alikuja mteja wa Bugarama na pikipiki aliyoinunua juzi. Alitaka nipunguze uzito wa kamshafti, kile chuma kinachofungua supapu, ili injini ipande mbio zaidi.

Nikafungua injini. Kumbe chuma kilishatobolewa.

Matundu madogo, kingo zimelainishwa kama shanga. Mkono wa Bahati kabisa, ni yeye alikuwa akitoboa hivi. Ni ile injini ya pikipiki yake, tuliyouza baada ya ajali iliyomuua.

"Papa," nikamwambia mteja, "hapa hakuna cha kupunguza tena. Nikigusa, itakatika."

Nilipomaliza kufunga, Maman alikuwa amesharudi, yuko jikoni. Mteja akawasha. Jamani, ule mlio mwepesi.

Maman akatoka jikoni mbio. "Bahati, chakula iko tayari."

Akatuona, akasimama pale nje. Mteja akanyoosha mkono azime.

"Usizime, Papa," Maman akasema. "Uiache kidogo."

Mteja ameshaondoka nayo. Maman bado amesimama pale nje.

Niambieni, wapendwa: ningemwomba yule mteja aniuzie ile injini, ao ni vizuri imeenda?