Pijo ya Kaka Mbaruku Ilivyonuka

Kaka yangu Mbaruku hakuwa tajiri, ila alikuwa na Pijo, na mtu mwenye Pijo haambiliki. Alikuwa dereva wa meneja kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe. Mashamba yalipotaifishwa, meneja alifungasha virago akarudi kwao, gari lake la Pijo akamwachia kaka. Tangu siku hiyo Mbaruku akawa anatembea mikono nyuma, hata akienda chooni.

Operesheni Vijiji ilipotuhamishia kijiji kipya upande wa Kwamsisi, wenzake walibeba milango na mabati. Yeye alileta gari. Petroli ilipoadimika akalipandisha juu ya mawe, akalijengea banda kabla hajamjengea mkewe jiko. Wifi yangu Fatu alipikia mvuani msimu mzima, na hilo alilimeza.

Sasa, ukiacha duka la ujamaa, kitu chenye kufuli pale kijijini kilikuwa kimoja tu, nacho ni Pijo. Kila mtu akaleta chake kifungiwe humo: mbegu za mahindi, kunde, ufuta. Kaka alikuwa akifungua ule mlango kwa madaha, ufunguo unaning'inia kidoleni, utadhani ana benki. Wezi tuliwafungia nje kweli. Tulichosahau ni kwamba panya hapitii mlangoni.

Kilichovunja nyumba yake ni kanga. Mwaka ule duka lilipata robota moja la kanga, mchoro mmoja, mananasi mekundu. Wanawake wote tukawa mananasi. Uzi wa kupindia haukuwepo, basi kila mtu alijipindia alivyojua. Fatu alipinda zake kwa uzi aliouchomoa kwenye gunia la katani. Siku si nyingi kipande kimoja cha doti yake kikapotea. Akatafuta, akapekua, akachoka. Kutoka nje, akamwona Rosina, muuza duka, amejifunga nanasi. Na Rosina ndiye ambaye kaka aliwahi kumpakia kwenye baiskeli kutoka Korogwe.

"Kanga yangu ile," Fatu akasema.

"Wifi," nikamwambia, "hata mimi nimejifunga nanasi. Nenda ukaangalie pindo."

"Wamelifumua."

Akafunga mzigo wake akarudi kwa mama yake, kijiji cha Kang'ata.

Kwetu mke aliyekwenda kwao kwa hasira hajirudii tu kama kuku jioni. Mama yake humrudisha kwa mkono wake mwenyewe, na mama akikataa, ndoa imekwisha. Mbaruku alikonda. Alikuwa akija kwangu anakaa kwenye kigoda, anatazama ugali wangu, hali. Nilimwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma. Mwishowe mkwewe, Bibi Mwaija, akatuma neno: atamleta binti yake, aione nyumba kwa macho yake, ndipo aamue kama anamwacha au anaondoka naye tena. Ila miguu yake haimfikishi mbali. Mkwe ana gari, basi aje na gari.

Kaka akaenda kwa baiskeli hadi Korogwe, akabembeleza watu aliofanya nao kazi, akarudi na dumu la petroli. Kisha akafungua Pijo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikarudi nyuma zaidi. Harufu ya mkojo wa panya ilitutokea usoni kama mwenye nyumba aliyeamshwa.

Tulitoa magunia, tukazoa mavi ya panya kwa ungo. Akasugua sakafu kwa majivu na ndimu. Gari likanuka panya na ndimu. Akafunga vioo, akafukiza ubani mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Likanuka panya aliyetoka maulidini. Akamfungia paka humo kutwa nzima. Paka alikula alichokula, halafu akaongeza cha kwake.

"Fumua viti," nikamwambia. "Mkojo umo tumboni mwa viti. Toa yale makapi, tujaze sufi mpya."

Akanikazia macho. "Viti hivi vilishonwa Ufaransa, Tatu. Wewe umewahi kushona nini?"

Siku ya safari tukaenda Kang'ata, vioo vyote chini, tunakula vumbi.

Nilichukuliwa kwa sababu moja. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani hivi hivi. Lazima awepo wa kupokea maneno huku na kuyapeleka kule. Wakati wa kurudi Fatu alikataa kiti cha mbele, akaketi nyuma na mama yake, nami nikabanwa katikati yao. Mbele kaka yuko peke yake, shingo imekakamaa.

Hatujafika mbali, Bibi Mwaija akaziba pua kwa ncha ya kanga. Kwa adabu hawezi kumwambia mkwe wake kwamba gari lake linanuka.

"Tatu," akasema, "barabara hii ina vumbi."

"Kaka, mama anasema kuna vumbi."

"Mwambie mama anisamehe kwa hilo vumbi. Nimeliosha sana."

Tukaenda hivyo, tunalilaumu vumbi, machozi yanatutoka. Fatu alikuwa anatazama nje. Nilijua anachowaza: huyu ndiye mwanamume aliyenipikisha mvuani, na gari lenyewe ndilo hili.

Kufika kwenye korongo, Pijo ikaruka. Kiti chetu kikapasuka mshono, ndani akatoka panya, mnene, mwenye haraka zake, akapita juu ya miguu ya Bibi Mwaija. Ile miguu isiyofika mbali iliruka. Bibi akavuka kiti cha mbele nusu mwili, akamkumbatia mkwe wake shingoni kwa mikono yote miwili, akipiga yowe. Mbaruku, kwa heshima, akafumba macho. Gari likaingia kichakani.

Tulipotoka na kuhema, kaka mwenyewe, kwa mikono yake, alikichana kile kiti cha Ufaransa. Kikatoka kiota cha panya: makapi, maganda ya karanga, na matambara mekundu. Bibi Mwaija akaokota tambara kubwa kuliko yote. Lilikuwa nanasi. Akalifuata pindo kwa kidole.

"Fatu. Huu uzi wa gunia ni wa nani?"

Fatu akalipokea lile tambara. "Nilifungia humu karanga za mbegu," akasema, "nikazichomeka chini ya kiti. Niliogopa watu watazila."

"Watu hawakuzila," mama yake akasema.

Kisha akageuka, akamtazama Mbaruku usoni, bila kupitia kwangu. "Mkwe wangu, nisamehe kwa ile shingo. Nirudishe kwangu Kang'ata. Nyumba yenu nimeshaiona."

Kaka akaenda kujifanya anakagua gurudumu.

Tulipomshusha Bibi, Fatu alihamia mbele, lile tambara kalishika kiganjani. Mbaruku aliwasha gari, akajikohoza.

"Shusha kioo, mke wangu. Gari linanuka."

"Linanuka nini?" Fatu akasema, akakiacha kioo kilivyo. "Mimi nasikia karanga tu."