Boneti ya Kibuyu

Nikipita Kimwani huwa natazama viatu vyangu, maana kuna watu wazima pale bado wananiita Rubani, na hawanisifu.

Mnanijua, shule niliiacha mapema lakini kitu kikiwa na skrubu lazima nikifungue. Fundi redio mmoja wa Kahororo niliyekuwa nikimsaidia alinipa kindege cha mbao nyepesi, cha kurusha kwa rimoti, chenye injini ya kweli ila hakina boneti, yaani kile kifuniko cha puani kinachoficha injini. Nikaenda nacho Kimwani kwa kina Koku, mchumba wangu, nilikokuwa namsaidia baba yake, Ta Kaiza (Ta ni kama kusema Mzee), kuchuma kahawa wiki ile kabla ya posa. Kwenye banda la kahawa nikaona kibuyu kimening'inia, vumbi tupu, mviringo wake sawasawa na pua ya ndege yangu. Sikuuliza (nilipotelea hapo). Nikakata shingo, nikatoboa kitako ili shafti ya pangaboi ipite, nikapaka rangi nyekundu.

Fundi alishanifundisha kwamba kabla ya kutoboa matundu ya skrubu unabandika vipande vya karatasi ncha moja mwilini mwa ndege, unatia alama penye mbao ngumu, unavikunja nyuma, unavika boneti na kuvilaza tena juu yake, ndipo unajua pa kutoboa. Mimi nikatoboa kwa macho. Nikakosa, nikatoboa tena, nikakosa tena, mpaka skrubu nne zishike (kwa kusuasua) boneti ilikuwa na matundu tisa.

Siku ya posa wazee wangu wakaja kutoka Rubafu, wakiongozwa na baba mdogo, na Ta Kaiza akamtuma Koku bandani kuleta kibuyu cha marehemu babu yake, ambacho kila mkwe wa nyumba ile hunywea rubisi (pombe ya ndizi) ya kwanza, asiyekinywea hapewi binti. Koku akarudi mikono mitupu. Wakatafuta mvunguni, wakatafuta migombani, na mimi nikatafuta nao (ndiyo, nilikuwa wa kwanza kuinama). Baba mdogo, ili kusogeza muda, akasema niwarushie wakwe ndege yangu, na macho yote yakanigeukia.

Ikapanda vizuri, watu wakapiga makofi, kisha injini ikatetemeka, pangaboi likang'oka, boneti ikachomoka na kutua mkekani mbele ya Ta Kaiza, rangi ikabanduka, na chini yake yakaonekana marembo aliyoyachoma baba yake. Ndege yenyewe iliishia mgombani. Mzee akainua kibuyu, akanichungulia kupitia matundu.

"Waitu Ta, nilidhani hakina mwenyewe," nikasema kwa unyenyekevu.

"Mwenyewe yuko kaburini pale," akajibu. "Mmiminieni humo humo. Akinywa bila kudondosha, tutaongea."

Nikapiga magoti na kanzu yangu nyeupe. Shimo la shafti nikaliziba kwa kiganja, matundu mengine kwa vidole vyote nilivyojaliwa, lakini moja likabaki upande wa mbali, na rubisi (yenye harufu ya petroli) ikaanza kuchungulia. Wazee wangu wakatazama chini. Ndipo Koku akapiga magoti pembeni yangu, akaliziba kwa kidole chake. Nikanywa hadi mwisho.

Ta Kaiza akamwambia baba mdogo, "Mwanao hana akili, ila wakiwa wawili wanatosha. Kaeni."

Tumeoana. Siku hizi hata msumari wa kutundikia kalenda siugongi bila kubandika karatasi kwanza, na kibuyu nikikikuta kimening'inia kwa watu, nakiamkia, napita.