Injinia aliyeifungia leseni yangu

Leo "injinia" kaniambia nifute kompyuta nzima, na kwaya imekaa inasikiliza.

Wametoka Ngaramtoni mpaka studio kwangu Ngarenaro kumalizia albamu. Nafungua kazi yao, plagini, ile programu ndogo ya kusafisha sauti, haionekani. Leseni nimeinunua mwenyewe, sikupewa na mjomba.

Nikamwita huyu jamaa anayejiita injinia. Hata hajakaa: "Kaka, hapo ni kupiga fomati tu."

Fomati! Na nyimbo za watu zimo humo!

Nikachimba mwenyewe. Plagini ipo, ila kompyuta imezuiwa kuwasiliana na seva ya kampuni, ile ya mtandaoni inayothibitisha leseni. Nani kazuia? Huyuhuyu! Juzi aliomba "kujaribu kitu kidogo", kumbe kapachika plagini ya wizi ya kampuni hiyohiyo na kuifunga njia ya seva ili isigundulike. Yangu halali nayo ikafungiwa nje.

Nikafuta takataka zake, nikafungua njia, plagini ikaonekana. Mwalimu wa kwaya akashusha pumzi: "Bwana asifiwe."

Injinia je? Kaninong'oneza: "Kaka, ile yangu usingeifuta. Kesho nina kazi nayo hapa."

HAPA. Kwangu.

Nipeni jibu lisilo na tusi, jamani. Mwalimu wa kwaya bado hajaondoka.