Debe la Misima na Jedwali Langu

Nakumbuka asubuhi moja pale Korogwe, mwanangu, nikiwa binti wa koti jeupe na kichwa kikubwa, mzee mmoja kutoka Misima aliniuliza swali dogo nikaudhika. Aliniuliza hivi: "Binti, hicho kipimo chako leo umekipima?" Nimezeeka sasa, meno yenyewe ya kuhesabu, lakini nikilikumbuka swali lile uso bado unanichoma. Kaa vizuri nikueleze.

Miaka hiyo ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ndogo ya mazao, vyumba viwili tu nyuma ya ghala. Vijiji vya Handeni na Korogwe vilituletea mahindi ya shamba la pamoja tuyapime sumu ya ukungu, hiyo ambayo ninyi mnaiita sumukuvu. Kazi ilitaka subira kuliko akili. Unasaga mahindi, unayaloweka katika dawa, unachuja, kisha unadondosha tone kwenye kioo kilichopakwa unga mweupe. Kioo unakisimamisha ndani ya chombo chenye dawa nyingine, nayo inapanda polepole ikivitenganisha vitu vilivyomo ndani ya lile tone, kila kimoja mahali pake. Ndipo unaingia chumba cha giza na kuwasha taa ya zambarau. Sumu kama ipo, utaiona nukta yake iking'aa.

Ili kujua ni sumu kiasi gani, nilizimua maji yale ya mahindi mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka nukta isionekane tena. Na pembeni, kwenye kioo kilekile, nilitakiwa kuweka matone ya sumu ya chupani ambayo kiasi chake kilijulikana, nayo nikiyazimua vivyo hivyo. Hayo ndiyo yaliyoniambia taa yangu na macho yangu vinaona mpaka wapi siku hiyo. Kisha nikokotoe. Kila siku, mwanangu, kila siku ya Mungu.

Nikachoka. Nilipoona wiki tatu mfululizo matone ya chupani yananipa jibu lilelile, nilipiga hesabu zote kwa mkupuo mmoja, nikazipanga kwenye jedwali, nikalibandika ukutani. Nukta ikipotea hapa, sumu ni kiasi hiki. Basi. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja. Bwana Mbelwa, mkuu wangu, alifurahi akaniita mtaalamu mbele ya wageni, na kichwa changu kikazidi kuvimba. Kwamba nimeacha kabisa matone ya chupani, hilo sikumwambia. Sikumdanganya, hakuniuliza tu. Ujanja huo unaujua, usijifanye huujui.

Halafu taa yetu kuukuu ikaungua, tukaletewa mpya. Niliipenda kwa jinsi ilivyong'aa kuliko ile ya kwanza. Jedwali nikaliacha pale pale ukutani.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimetutupa. Misima walibakiwa na ghala moja la mahindi ya kijiji, na hilo ndilo lilikuwa la kuwafikisha kwenye mavuno. Mzee Mhina, mtunza ghala wao, ndiye aliyeleta mahindi ya kupimwa, na ndiye aliyerudi kuchukua majibu. Jedwali likasema sumu imepita kiwango. Nikamwandikia karatasi: mahindi haya yasiliwe, yachomwe moto.

Hakugomba. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaniuliza swali lile.

"Nina jedwali, mzee," nilimjibu nikionyesha ukutani. "Hesabu zimeshafanywa."

"Zimefanywa lini?"

Nikajifanya napanga vioo vyangu mezani. Naye akasema taratibu, "Sisi kule hatugawi mahindi kabla ya kulipima debe lenyewe. Debe hubonyea, binti. Kuna kibuyu cha marehemu mama yangu, hakitoki ndani ila siku ya mgao. Tunakijaza mara kumi, tunamimina debeni, watu wote wanaangalia. Vibuyu kumi visipoenea, debe limebonyea, tunaligonga mpaka vienee. Hata kama msimu uliopita lilikuwa zima, tunapima tena. Si kwamba tunamshuku mtu." Akaikunja karatasi. "Lakini serikali imesema. Tutachoma."

Alipotoka nilikasirika. Nikajisemea, debe na taaluma wapi na wapi! Nikakaa na ukaidi wangu siku nzima. Kesho yake asubuhi moyo ukakataa kutulia, nikaitoa ile chupa kabatini, nikaweka matone kama nilivyofundishwa. Chini ya taa mpya, nukta iliyokuwa ikipotea kwenye mara nane bado ilikuwa inaniangalia. Ilipotea kwenye mara kumi na sita. Taa mpya ilikuwa inaonyesha kilichokuwa hakionekani, na mimi nilikuwa nakihesabu kama sumu ya ziada. Mahindi ya Misima yalikuwa na nusu tu ya niliyoandika, chini ya kiwango.

Nikamweleza Bwana Mbelwa yote, na lile la kuacha matone pia. Akasema, "Nenda wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Nilidandia lori la kwenda Handeni. Kabla hatujafika Misima niliuona moshi. Niliruka chini nikipiga kelele kama mwehu, "Zimeni! Mahindi ni mazima! Zimeni!" Watu wakaupiga moto kwa matawi na mchanga. Ulipozimika, theluthi ya ghala ilikuwa majivu.

Nikasimama mbele yao nikasema kosa ni langu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza, "Kwa hiyo haya yaliyoungua yalikuwa mazuri?"

"Ndiyo, mama."

Hakunitukana. Aliinama akaanza kuokota punje zilizosalia kando ya majivu, moja moja, akizitia kwenye pindo la kanga. Heri angenitukana.

Mzee Mhina aliingia nyumbani kwake akatoka na kibuyu na debe. "Yaliyobaki yanagawiwa leo," alisema. "Pima kipimo." Nikajaza na kumimina huku kijiji kizima kikihesabu kwa sauti. Kibuyu cha kumi kikamwagika nusu nzima. Debe lilikuwa limebonyea. Mzee akaligonga kwa ndani bila kunitazama, tukapima upya, likakaa sawa. Ndipo akaniambia, "Karatasi ungeweza kuituma. Umekuja kwa miguu yako. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, binti. Rudi kazini kwako."

Njaa iliwabana Misima mwezi mzima kabla ya mavuno. Mwezi ule ni wangu, mwanangu, na hakuna aliyewahi kunidai.

Juzi ulinionyesha kompyuta ya maabara yenu inayochora mstari wa kipimo yenyewe na kukokotoa yenyewe kabla hata sijavaa miwani. Sina ugomvi nayo. Hata jedwali langu halikukosea, hesabu zake ni sahihi mpaka leo, ila zilikuwa za taa iliyokufa. Basi shika haya. Kila asubuhi, kabla ya kuipa mashine usichokijua, ipe kwanza unachokijua, uone kama itakuambia kweli. Ukibadilisha taa, au dawa, au kioo, anza upya hata kama mkuu wako anakuharakisha. Mtu wa debe akikuuliza swali usimcheke, kuuliza si ujinga, na kuulizwa si kutukanwa. Na ukigundua umekosea, mwambie mkuu wako yote, kisha nenda mwenyewe, tena siku ileile, maana mimi nililala na ukaidi wangu usiku mmoja na usiku huo ukawagharimu watu theluthi ya chakula chao.

Mungu akubarikie mikono na macho, mwanangu. Akupe kazi nyepesi na dhamiri isiyokuachia usingizi pale unapojua hukupima. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu kama Mzee Mhina, na akufikishe kabla moto haujalimaliza ghala.