Nilichoma Bunda la Kwanza

Ndugu mhariri, nifichie jina na ofisi, maana huku Iyunga tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, sijaolewa, ni karani wa masijala hapa Mbeya. Naogopa.

Kazi yangu ni kutunza nakala za daftari la majaruba ya mpunga ya Rujewa, ili la kule likiharibika, la hapa lipo. Bunda la kwanza lilikuwa daftari zima, kaya kwa kaya, tangu watu walipogawiwa mashamba. Mabunda ya kila mwezi yaliyofuata ni membamba, kwa kuwa makarani wa kule hawarudii yasiyobadilika. Waliobadilishana au kugombea mipaka huandikwa upya. Asiyebadilika huwekewa namba yake tu na maneno "tazama bunda la kwanza". Karatasi ni adimu, na utaratibu huo haukuwa mbaya.

Mwaka jana kabati lilijaa. Mkuu wangu akasema, "Binti, punguza makaratasi ya zamani, mapya yapate pa kukaa." Nami kwa ujuaji wangu nikavuta la chini kabisa, lililotafunwa na mende, nikalichoma nyuma ya ofisi. Nilijiona mchapakazi. Sikufungua hata bunda moja jipya kuona linategemea nini.

Mwezi huu upepo umeezua paa la ofisi ya Rujewa, mvua ikaloweka daftari likawa uji. Simu ikapigwa kwamba kamati ya mashamba itakaa Rujewa mwisho wa mwezi ujao kuandika daftari upya, nakala ziwepo. Mkuu akafurahi, "Sasa wataona faida ya masijala." Nikafungua kabati, nikasoma bunda baada ya bunda. Wagomvi wote wamo, na vipimo vyao. Waliotulia na jaruba lao tangu siku ya kwanza wana namba tu na "tazama bunda la kwanza". Nikakaa sakafuni.

Jana akaja mama mmoja mjane, aliyehamia Usangu, bonde hilo la Rujewa, na marehemu mumewe wakiswaga ng'ombe kutoka Usukuma. Jirani yake ameshaanza kulima ndani ya jaruba lake. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mimi kusoma sijui. Nimekuja kuuliza tu, jina langu limo?"

Akanitajia namba ya jaruba lake, nikaiona, na mbele yake yale maneno. Nikamjibu, "Limo, mama." Sijui ulimi uliteleza vipi. Akanishika mikono yote miwili. "Mungu akuweke. Yule jirani nimemwambia, subiri kamati ikae, karatasi itasema."

Rafiki ninayekaa naye chumba kimoja anasema nikane, niseme bunda halikufika kabisa. Lakini kitabu cha kupokelea kina sahihi yangu. Nikikiri, siku hizi mtu huitwa mhujumu uchumi kwa kosa dogo kuliko hili, na mkuu wangu mwenye watoto saba ataondoka pamoja nami. Nimewaza hata kuliandika upya bunda lile kwa mkono wangu, nimpe mama yule haki yake. Ila mipaka ya wenzake siijui, nitamnyang'anya nani?

Mkuu ameamua niende Rujewa mimi mwenyewe, nisimame nisome namba moja moja mbele ya watu. Yule mama kaniahidi atakaa mstari wa mbele. Ndugu wasomaji, nishaurini kabla siku haijafika: nikifika kwenye namba yake, nisome nini?